Kumwambia mtoto kwamba wazazi mnaachana: mwongozo kamili, kuanzia mtoto wa kunyonya hadi wa kidato cha nne

Wazazi wengi wanaoachana huvuka salama baraza la usuluhishi, mgawanyo wa vyombo, hata mahakama, kisha wakakwama sebuleni mbele ya watoto. Mmoja husema "baba kasafiri" akitumaini mambo yatajipanga yenyewe. Mwingine humwaga mbele ya mtoto wa miaka 5 yote ambayo angemweleza dada yake. Wengine hawasemi kitu kabisa: mtoto huamka, hukuta kabati nusu tupu, hujitungia sababu. Na sababu anayojitungia mtoto huwa mbaya kuliko ukweli, kwa kuwa karibu kila mara ndani yake yeye mwenyewe hujiona ndiye mkosaji.

Mwongozo huu unashughulikia kazi hiyo tu: namna ya kumwambia mtoto, na namna ya kumtuliza katika miezi 3 ya kwanza, kwa kadiri ya umri wake. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya zina sheria zao na mahakama za kadhi, lakini hatua za nyumbani ni zile zile.

Mavis Hetherington, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefuatilia familia karibu 1,400 kwa takriban miaka 30, aliona kwamba kama mtoto 1 kati ya 4 wa wazazi walioachana alibaki na matatizo makubwa ya kihisia au ya kitabia. Katika familia ambazo hazikuachana alikuwa 1 kati ya 10. Kwa hiyo hatari ipo, na ni kweli, lakini watoto walio wengi husimama tena. Wanaoanguka mara nyingi wamepatwa na mambo matatu: ugomvi unaoendelea mbele yao, mzazi mmoja kupotea, na maisha ya kila siku kuvurugika. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga hayo matatu.

Onyo kabla ya yote. Kama kuna kipigo, vitisho au hofu ya mtoto kudhuriwa, msikae kikao cha pamoja. Ondoka kwanza na watoto mahali salama, ripoti Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, ndipo uzungumze na watoto ukiwa peke yako.

## Vitu vya kuandaa

- Kalenda kubwa ya ukutani na kalamu mbili za rangi tofauti, moja ya siku za mama na nyingine ya siku za baba.
- Karatasi yenye majibu matano: nani anahama, lini, mtoto atalala wapi, atasoma shule ipi, ataonana lini na aliyehama. Ikiwa jibu lolote kati ya hayo bado halipo, subirini.
- Kitu cha faraja cha mtoto mdogo: khanga ya mama, mto wake, mdoli. Msikifue wiki hiyo. Harufu ndiyo inayomtuliza.
- Nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na kadi ya bima ya afya, seti moja kila nyumba. Mtoto akipata homa usiku wa manane si wakati wa kuanza kugombea kadi.
- Mswaki, nguo za kulalia na sare ya pili ya shule kwa ajili ya nyumba ya pili. Mtoto anayebeba maisha yake yote kwenye begi kila wiki hujiona mgeni kotekote.
- Mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na pande zote, awe mjomba, mama mdogo au kiongozi wa dini, atakayesikilizwa mkishindwa kuelewana.

## Hatua ya 1: Kubalianeni maneno kabla ya kumwita mtoto

Kaeni wawili bila watoto. Mkishindwa kukaa, fanyeni kwa simu au kwa ujumbe. Andikeni sentensi chache ambazo kila mmoja atazisema vile vile. Mfano:

"Baba na mama tumeamua kutoishi pamoja tena. Ni uamuzi wa wakubwa. Hakuna mlichofanya wala mlichosema kilicholeta jambo hili. Baba anahamia Mbagala Jumamosi ijayo, ninyi mtabaki hapa na mama, na shule ni ile ile. Kila wiki mtakuwa na baba kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Sisi wote wawili bado ni wazazi wenu."

Maneno yafanane kwa sababu kila mtoto atamfuata kila mzazi faraghani na kuuliza upya. Akipata majibu mawili, ataanza kupeleleza: atasikiliza mlangoni, atafungua simu, atamuuliza dada wa kazi. Hapo mmeshapoteza nafasi ya kuwa ninyi mnaoaminiwa.

Sababu ya kuachana. Itajeni kwa ufupi na kwa kweli: "Tumegombana kwa muda mrefu na hatukuweza kuelewana." Uzinzi, madeni na mambo ya chumbani hayamhusu mtoto. Ikiwa kijana ameshajua, kwa mfano ameona ujumbe kwenye simu, usikane. Mwambie: "Sitakudanganya. Lakini hilo ni kati yangu na baba yako, sitakueleza zaidi."

Mtoto akae wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 yafaa akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama inatakiwa pia kuangalia madhara ya kumhamisha mtoto kutoka maisha aliyoyazoea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza mambo ya kuzingatiwa, yakiwamo maoni ya mtoto aliyoyatoa kwa hiari, na umuhimu wa ndugu kukaa pamoja. Ule utaratibu uliozoeleka wa "mdogo aende na mama, wakubwa wabaki kwa baba" huwanyang'anya watoto ndugu zao siku ile ile wanayompoteza mzazi. Epukeni mkiweza.

Kwa Waislamu walio ndani ya eda ya talaka rejea. Mume bado anaweza kumrejea mke, kwa hiyo msiwaambie watoto kwamba yamekwisha, wala msiwaahidi kwamba yatatengemaa. Waelezeni wanachokiona: "Kwa sasa baba analala kwa babu. Kuna jambo tunalizungumza. Tukifika mwisho tutawaambia sisi wenyewe." Kisha mtimize.

Mko tayari pale kila mmoja anapoweza kuyasema maneno hayo bila kusoma na bila kuongeza "lakini mama yenu…"

## Hatua ya 2: Chagueni siku

Jumamosi asubuhi baada ya chai ndiyo nzuri kuliko zote. Mtoto anabaki na siku mbili za kulia, kuuliza na kurudi kuuliza tena, wazazi wote wakiwa wanapatikana. Jumapili usiku ni mbaya: anaingia darasani kesho yake hajalala.

Muda wa kutanguliza habari unategemea umri. Kwa miaka 3 hadi 5, siku 3 hadi 5 kabla ya mtu kuhama zinatosha, maana kwa umri huo wiki mbili ni sawa na milele. Miaka 6 hadi 12, wiki 1 hadi 2. Miaka 13 na kuendelea, wiki 3 au zaidi. Kijana anayeambiwa juzi ya kuhama huona amedharauliwa. Umri ukichanganyika, fuateni wa mtoto wa kati, kisha wakumbusheni wadogo siku zinapokaribia.

Epukeni Idi, Krismasi, siku ya kuzaliwa na wiki za mitihani. Mwenye mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, au wa kidato cha nne Novemba, asipewe habari hii wiki ya mtihani. Ila msitumie mtihani kama kisingizio cha kuficha mwaka mzima huku mnagombana chumbani, hilo analisikia.

Mtoto wa bweni ni kesi ya pekee. Msimwambie kwa simu ya matroni, na siku ya kutembelea wazazi pia haifai, kwa sababu saa 10 mnaondoka na yeye anabaki kulia peke yake kitandani. Ombeni ruhusa ya kumchukua wikiendi, au subirini likizo, na mzazi asihame kabla hajafika. Kurudi likizo ukakuta nyumba imeshagawanyika ni pigo linalochukua miaka kusahaulika.

## Hatua ya 3: Kikao cha kwanza

1. Zimeni televisheni na simu. Dada wa kazi na wageni wasiwepo.
2. Waiteni watoto wote pamoja, kuanzia miaka 3. Mkimwambia mkubwa kwanza mtamtwisha siri, na mdogo ataisoma usoni mwake.
3. Wadogo wakae wanakoweza kuwagusa. Aanze mzazi aliyetulia zaidi.
4. Semeni maneno mliyokubaliana, kisha nyamazeni. Hesabuni kimoyomoyo hadi 60. Hapa ndipo wazazi wengi huharibu: kimya kinawatisha, wanaanza kujieleza, maelezo yanageuka kesi.
5. Jibuni maswali. Lisilo na jibu, semeni: "Hilo bado hatujalipanga. Tukilipanga tutakwambia."
6. Maliza ndani ya dakika 15. Baadaye siku hiyo hiyo, kila mtoto apate dakika 10 zake peke yake.

Mmoja atalia, mwingine atacheka, wa tatu atauliza "naweza kwenda kucheza?" Yote ni ya kawaida. Anayekimbilia mpira anachukua habari kwa vipande, na vipande vingine atavirudia usiku.

Machozi ya mzazi si kosa, mradi mtoto asigeuzwe mbembelezaji. Na kamwe msimwambie kifungua mimba wa kiume kwamba "sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Ana miaka 11. Atajaribu kweli, na atashindwa.

Kikao kimefaulu ikiwa jioni kila mtoto anaweza kusema nani analala wapi na atamwona lini mzazi anayehama. Furaha msiitafute siku hiyo.

## Hatua ya 4: Umri kwa umri

### Miezi 0 hadi miaka 2

Hana haja ya kikao. Anachokijua ni mikono, harufu na saa za kula na kulala. Kuanzia kama miezi 8 hulia akitenganishwa na watu wake, na akihisi mwili wa anayembeba umekakamaa kwa hasira, hukakamaa naye.

Ataamka mara nyingi usiku, atakataa chakula, atakuganda. Shikilieni saa zile zile za kuoga, uji na kulala. Katika mwezi huo msimwachishe ziwa wala msibadilishe dada wa kazi. Badiliko moja kubwa linamtosha.

Mzazi aliyehama aje mara nyingi kwa muda mfupi: saa 1 hadi 2, mara 3 kwa wiki, amlishe, amwogeshe, ambembeleze. Kuja mara moja kwa mwezi na zawadi kubwa hakufai kitu. Kumbukumbu ya mtoto huyu ni fupi na kila ujio utakuwa wa mgeni. Kulala nje kwa mtoto anayenyonya kunaweza kusubiri. Usingizi na hamu ya kula vikirejea ndani ya wiki 2 hadi 4, mmefanya vizuri.

### Miaka 3 hadi 5

Umri huu unahitaji uangalifu kuliko wote, na ndio unaodanganywa zaidi.

Mtoto wa miaka 4 anaamini mawazo yake yana nguvu ya kutenda. Jana alimkasirikia baba, leo baba hayupo, basi yeye ndiye aliyemfukuza. Pia anapiga hesabu: kama baba ameweza kuondoka, mama naye ataondoka. Ndiyo maana anakuganda mpaka chooni, analia mlangoni pa chekechea, anarudia kunyonya kidole, anaongea kitoto na kujikojolea ilhali alikwisha kuacha.

Uongo wa "kasafiri" unaumiza zaidi hapa, kwa sababu kwa mtoto huyu anayesafiri hurudi, tena na zawadi. Atakaa getini. Kila siku ya kutorudi atahesabu kuwa amekosa kitu.

Fanyeni haya:

- Mwambieni kila siku kwa wiki 2 za mwanzo, kwa maneno yale yale: "Baba ameondoka kwa mambo ya wakubwa. Hata ungemwaga maziwa mara mia, asingeondoka kwa sababu hiyo." Kurudia hakumchoshi.
- Mchoreeni nyumba mbili kwenye karatasi, na yeye katikati. Mwacheni acheze na wadoli akihamisha nani anakaa wapi. Sikilizeni anachowasemesha, mtasikia anachokiogopa.
- Unapotoka, aga. Usimtoroke akiwa anacheza ili asilie. Kilio cha dakika 5 ni bei ndogo kuliko mtoto anayejifunza kwamba watu hutoweka akigeuza kisogo. Mwambie utarudi lini kwa lugha anayoijua: "baada ya kulala mchana."
- Akijikojolea, msimchape wala msimwaibishe mbele ya wenzake. Punguzeni vinywaji saa 1 kabla ya kulala, mpelekeni chooni, tandikeni plastiki chini ya shuka. Kukiwa na maumivu, homa au kiu kisicho cha kawaida, mpelekeni hospitali mara moja. Hata bila hayo, hali ikiendelea zaidi ya mwezi mpelekeni. Si kila kujikojolea ni huzuni.

Mtaona ametulia pale anapomwacha mama aende sokoni bila kelele, na anapotaja "kwa baba" kama mahali pa kawaida.

### Miaka 6 hadi 8

Huyu ameelewa, na anaomboleza. Pia anapanga njama za kuwarudisha pamoja. Atasema tumbo linauma ili mje wote hospitalini, au atafanya vurugu shuleni ili mwitwe wote wawili.

Atauliza: "Mtarudiana?" Ikiwa jibu ni hapana, usiseme "Mungu akipenda" au "tutaona." Kwa mtu mzima hayo ni maneno ya adabu, mtoto anayasikia kama ahadi, na atasubiri mwaka mzima. Sema: "Hapana, mwanangu. Najua unatamani. Unaruhusiwa kusikitika." Kisha kaa naye bila kumharakisha afurahi.

Mruhusu aweke picha ya mzazi mwenzako karibu na kitanda. Akirudi kwa baba na kusema "tulikula chipsi kuku", furahi naye. Mtoto wa umri huu huusoma uso wako kabla ya kumaliza sentensi, na akiona umenuna ataanza kukuficha furaha zake. Alama zake zinaweza kushuka muhula mmoja. Muhula wa pili zikiendelea kushuka, nenda kaonane na mwalimu.

### Miaka 9 hadi 12

Hapa huzuni huja imevaa hasira. Mtoto anatafuta mwenye haki na mwenye makosa, anachagua upande, na anaweza kukataa kabisa kwenda kwa mzazi mmoja. Kichwa kinauma, tumbo linauma, na maumivu ni ya kweli hata kama vipimo havionyeshi kitu.

Kosa kubwa la wazazi katika umri huu ni kumfanya mjumbe: "Mwambie baba yako ada haijalipwa." Mtoto anafika na ujumbe, anapokea hasira, anarudi na jibu, anapokea hasira ya pili. Fedha zizungumzwe na wakubwa kwa ujumbe wa simu, bila ubaguzi hata wa mara moja.

Hasira yake ikubalini, matusi myakatae. "Una haki ya kunikasirikia. Huna ruhusa ya kumpiga mdogo wako."

Binti anayeishi kwa baba anakaribia hedhi. Baba asisubiri siku ifike: aandae pedi, na aombe shangazi au mama mdogo anayeaminiwa azungumze naye mapema. Mama yake apigiwe simu siku hiyo hiyo.

### Miaka 13 hadi 17

Kuna njia mbili za kumpoteza kijana. Ya kwanza ni kumfanya mwenzi: kumweleza madeni, kulia begani kwake, kumuuliza ushauri wa wakili. Anaonekana amekomaa, walimu wanamsifu, na ndani anabeba ndoa ya watu wengine. Ya pili ni kumwacha kwa sababu "ni mkubwa, anaelewa." Anahamia kwa rafiki, simu inakuwa ndiyo nyumba, pombe na mahusiano vinajaza pengo.

Mpeni sauti kwenye ratiba: siku gani, saa ngapi, mazoezi ya mpira yawekwe wapi. Uamuzi msimtwike. Swali la "unataka kukaa na nani?" linamlazimisha kumkana mzazi mmoja. Uliza badala yake: "Kitu gani kikibadilika kitakuumiza zaidi?"

Saa ya kurudi nyumbani iwe moja kotekote. Nyumba moja ikifunga mlango saa 1 usiku na nyingine saa 5, mtajua wenyewe atapendelea kulala wapi. Na mwambieni ukweli wa ada yake. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 26, inampa mtoto haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana. Anachohitaji kujua ni kama atarudi shuleni Januari au la.

## Hatua ya 5: Siku ya kuhama

Mtoto aone makazi mapya kabla, au ndani ya siku 2. Chumba kimoja cha kupanga kinatosha, mradi kuna godoro lake na mswaki wake. Achague mwenyewe kitu kimoja cha kuacha kule.

Mizigo isifungwe usiku kwa siri, wala isifungwe mbele ya ndugu waliokuja kushuhudia. Vitu ambavyo watoto wanavitumia kila siku, kama kitanda chao, meza ya kusomea na televisheni, visitoke siku hiyo hata kama ni haki ya anayehama. Vifuatwe baadaye, baada ya kuwaambia.

Jioni, anayehama apige simu saa aliyoahidi. Akiahidi saa 1, asipige saa 3. Simu hii ya kwanza ndiyo inayothibitisha maneno yote ya kikao.

## Hatua ya 6: Kalenda na makabidhiano

Tundikeni kalenda kwa urefu wa macho ya mtoto, ipakeni rangi pamoja naye. Kila asubuhi aikate kwa mstari siku iliyopita. Anayeweza kuona kwa macho yake kwamba Ijumaa inakuja halazimiki kukuuliza mara kumi.

Makabidhiano bora ni yale ambayo wazazi hawakutani: mmoja anampeleka shule Ijumaa asubuhi, mwingine anamchukua jioni. Ikishindikana, tumieni nyumba ya bibi au kituo chenye watu. Utaratibu uwe huu:

1. Salamu fupi, mbele ya mtoto.
2. Taarifa za mwili tu: amekula nini, dawa saa ngapi, kazi ya shule iko wapi.
3. Mtoto aage, aondoke. Dakika 5 zimetosha.

Fedha, mpenzi mpya na barua ya mahakama visitajwe hapo. Ukichelewa zaidi ya dakika 30, piga simu na uzungumze na mtoto mwenyewe. Usipoweza kuja kabisa, wewe ndiye unayemwambia. Usimwachie mwenzako kazi ya kumvunja moyo.

Akirudi, msimhoji. "Baba anaishi na nani?" ni upelelezi, na mtoto anajua. Saa moja au mbili za kununa au kudeka baada ya kurudi ni za kawaida. Mpe chakula, aoge, mwache atue.

Mkiishi mbali, mmoja Dar es Salaam na mwingine Mwanza, wekeni simu mara 3 kwa wiki, dakika 10 hadi 15, saa ile ile, na likizo za Juni na Desemba zigawanywe mapema kwenye kalenda.

Kosa linalorudiwa zaidi. Baba hajaleta matunzo, mama anazuia watoto wasiende. Au mama kazuia, baba anakata matunzo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya matunzo, na pia haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine bila kuvuruga masomo yake. Haki zote mbili ni za mtoto, na hakuna iliyo rehani ya nyingine. Matunzo yakikwama, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na yakishindikana huko, nendeni mahakamani, lakini ziara ziendelee.

## Hatua ya 7: Bibi, mwalimu na dada wa kazi

Watoto wengi hawaumizwi na wazazi wao bali na maneno ya jikoni: "mama yenu kawatupa." Kila mzazi azungumze na upande wake mwenyewe, kwa adabu na mapema: "Shikamoo mama. Nakuomba, watoto wakiwepo mama yao asisemwe. Yeye ni nusu yao, tukimtukana tumewatukana wao." Likirudiwa, mtoe mtoto chumbani kwa utulivu, ukazungumze tena baadaye.

Mwalimu wa darasa aambiwe mambo matatu tu: nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, namba za simu za wazazi wote, na kwamba akiona badiliko apige. Dada wa kazi apewe jibu moja la kumpa mtoto: "Hilo tutamuuliza mama jioni." Na picha za mafumbo kwenye status ya WhatsApp ziacheni; mtoto wa darasa la sita anazisoma, na marafiki zake pia.

## Hatua ya 8: Miezi 3 ya kuangalia

Wekeni daftari dogo. Mara moja kwa wiki andikeni mistari miwili juu ya usingizi, chakula, shule na marafiki. Kwa kumbukumbu tupu, wiki mbaya moja huonekana kama mwezi. Mkielewana, linganisheni mlichoandika. Mara nyingi mtoto hutulia nyumba moja na kulipuka nyumba nyingine, na nyumba anayolipuka ndiyo anayoiona salama.

Hali ikienda chini badala ya juu baada ya miezi 3, tafuteni mshauri nasaha au mtaalamu wa saikolojia katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Msisubiri miezi 3 ikiwa mtoto anajiumiza, anakataa kula, ametoroka nyumbani, ameingia kwenye pombe, au amesema anataka kufa. Kauli hiyo ichukueni kwa uzito katika umri wowote, hata ikisemwa kwa hasira: kaeni naye, ondoeni dawa na sumu za panya na za shambani, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya huduma kwa mtoto, 116, ni ya bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kenya na Uganda pia wana namba hiyo hiyo.

Mpenzi mpya asiingizwe nyumbani katika miezi hii. Mtoto ambaye hajamaliza kuomboleza hatamkataa mtu huyo kwa ubaya wake. Atamkataa kwa sababu amekalia kiti chenye mwenyewe.

## Hatua ya 9: Maswali yatakaporudi

Aliyeambiwa akiwa na miaka 4 atauliza upya akiwa na 8, na tena akiwa na 13, kwa kuwa kila mara akili yake imekua na jibu la zamani halimtoshi. Wazazi wengi hushtuka hapa, wakidhani mtu kamchochea. Hakuna aliyemchochea.

Msimjibu "si tulikwishakwambia?" Mwongezeeni jibu kwa kadiri ya umri, bila kugeuza lile la kwanza. Wa miaka 4 aliambiwa "ni mambo ya wakubwa." Wa miaka 8 anaweza kuambiwa: "Tulikuwa tunagombana kila siku, tukaona nyumba mbili zenye utulivu ni bora." Wa miaka 13 akiuliza nani alianza, jibu linaweza kuwa: "Kila mmoja wetu alikuwa na makosa yake. Yangu naweza kukueleza. Ya mama yako, muulize yeye, nitampigia leo nimwambie umeuliza."

Kisha mpigie kweli.